Kutoka CNA Hadi RN Kupitia Chuo cha Jamii: Mwongozo kwa Anayesoma Huku Akifanya Kazi

Pita zamu ya usiku kwenye nyumba za kulea wazee za Minneapolis, Dallas au Lowell huku Marekani, hutakawia kusikia Kiswahili koridoni. Wengi wetu tuko pale kama CNA, yaani wasaidizi wa wauguzi wenye cheti, tunageuza wagonjwa, tunabadilisha mashuka, na karibu kila mmoja anasema mwaka ujao anaingia shule ya uuguzi awe RN, muuguzi aliyesajiliwa. Mimi niliusema huo "mwaka ujao" kwa miaka minne. Nilidhani kizuizi ni karo. Nilipoanza ndipo nikagundua kwamba karo ina njia zake za kulipika, lakini alama mbili za C nilizozipata muhula wa kwanza, kwa sababu ya kubeba masomo matatu na zamu tano kwa wiki, zilinirudisha nyuma mwaka mzima. Kwenye njia hii alama zako ndizo pesa zako. Hatua zote hapa chini nimezipanga nikilifikiria hilo.

1. Elewa unachokwenda kusomea

Shahada ya uuguzi ya chuo cha jamii (community college) huitwa ADN. Wazo lake lilitoka kwa Mildred Montag wa Teachers College, Columbia, na mwaka 1952 likaanza kujaribiwa kwenye vyuo vichache. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Marekani ilikuwa na uhaba wa wauguzi, naye akasema muuguzi anaweza kufundishwa chuoni kwa muda mfupi kuliko ile miaka mitatu ya shule za hospitali. Jaribio likashika, na hadi leo ndiyo njia ya bei nafuu zaidi ya kuwa RN.

Jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka waambiwe mara mbili ni hili: mwenye ADN na mwenye BSN, ile shahada ya miaka minne, wanafanya mtihani uleule wa NCLEX-RN na wanapata leseni ileile. Tofauti inaonekana baadaye. Hospitali nyingi kubwa zinapendelea BSN, na New York ilipitisha sheria mwishoni mwa 2017 inayomtaka RN mpya awe amepata BSN ndani ya miaka 10. Nyumba za wazee, vituo vya kusafisha figo na hospitali nyingi za miji midogo huwachukua wenye ADN bila maneno mengi.

Ile "miaka miwili" inayoandikwa kwenye vipeperushi ni ya masomo ya uuguzi yenyewe. Kabla yake kuna masomo ya utangulizi, ambayo kwa mtu anayefanya kazi ni mwaka mmoja na nusu au hata miwili. Waambie wa nyumbani miaka minne, ili ukimaliza mapema iwe furaha badala ya kuulizwa kila Krismasi kwa nini hujamaliza.

Na kama ulisomea uuguzi kwenu, tuseme una diploma ya KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba cha Kenya, na ulikuwa umesajiliwa huko, usiingie chuo cha jamii kuanza upya kabla hujaiuliza bodi ya uuguzi ya jimbo lako. Kuna njia ya kukaguliwa vyeti vyako, mara nyingi kupitia shirika la CGFNS, ambalo sasa linaitwa TruMerit, kisha kwenda moja kwa moja kwenye NCLEX. Nimefanya kazi na dada aliyelisha wazee kwa miaka sita akiwa na diploma ya uuguzi sandukuni, kwa sababu aliyempokea uwanja wa ndege alimwambia "vyeti vya kwetu hapa havihesabiki".

2. Nyoosha karatasi, hasa majina

Cheti chako cha sekondari kitahitaji kutathminiwa na shirika kama WES au ECE. Kabla ya kulipa, uliza chuo kinakubali shirika gani na kinataka tathmini ya aina gani, maana ile ya kuonyesha tu kwamba ulimaliza shule ni rahisi kuliko ile ya somo kwa somo. Kama ulisoma chuo chochote nyumbani, lipia ya somo kwa somo. Huenda ukasamehewa hesabu au saikolojia.

Halafu majina. Kwenye KCSE, cheti cha sekondari cha Kenya, uko na majina matatu, kwenye pasipoti yamepangwa vingine, kwenye grinikadi jina la babu limekuwa ukoo wako, na kazini wanakuita kwa jina la ubatizo. Ndugu zetu waliokuja kutoka kambini, Wakongo hasa, wengi waliandikiwa tarehe 1 Januari kama siku ya kuzaliwa, na cheti cha shule kina tarehe nyingine. Siku ya NCLEX, jina la kwenye usajili lisipofanana na la kwenye kitambulisho, hufanyi mtihani. Chagua jina moja, lile la hati yako ya uhamiaji, na ulitumie kuanzia fomu ya kwanza ya chuo. Kurekebisha sasa ni fomu moja. Kurekebisha miaka mitatu baadaye ni ofisi nne.

3. Chagua chuo kwa maswali haya

Usichague kwa sababu binamu yako alisoma hapo. Piga simu au nenda ofisini, uliza:

- Je, programu imeidhinishwa na bodi ya uuguzi ya jimbo? Bila hiyo huruhusiwi kufanya NCLEX. Usikubali jibu la mdomo tu. Orodha iko kwenye tovuti ya bodi.
- Je, ina ithibati ya kitaifa? Kwa programu za ADN utasikia zaidi ACEN, shirika linalotoa ithibati hiyo. Ikikosekana, chuo kikuu unachokwenda kuongezea BSN kinaweza kukukatalia.
- Wanafunzi wangapi kati ya 100 hufaulu NCLEX mara ya kwanza? Bodi za majimbo huchapisha takwimu hizi kwa kila shule.
- Wangapi wanaoanza humaliza? Swali hili ndilo wanalolikwepa. Shule inaweza kujivunia ufaulu mzuri kwa sababu iliwachuja nusu ya darasa njiani.
- Waombaji huchaguliwaje: kwa pointi, kwa foleni, au kwa bahati nasibu?

Jihadhari na shule za kibiashara zinazokuambia hakuna foleni, hakuna mtihani wa kuingia, njoo Jumatatu. Nyingi ni halali lakini karo yake ni mara kadhaa ya chuo cha jamii, na krediti zake mara nyingi hazihamishiki. Nyingine ni wizi mtupu. Januari 2023 serikali ya Marekani iliwashtaki watu 25 katika kesi ya shule za Florida zilizouza zaidi ya diploma 7,600 za uuguzi za kughushi. Wahamiaji walikuwa miongoni mwa walionunua, na bodi za majimbo zikaanza kuwafuata waliokuwa tayari wodini. Ukisikia kwenye kundi la WhatsApp mtu "ana njia ya miezi mitatu", toka kwenye hilo kundi.

4. Pesa

Karo ya chuo cha jamii cha umma kwa mkazi wa eneo ni kama dola 4,000 kwa mwaka kwa wastani wa nchi, na inatofautiana sana kati ya jimbo na jimbo. Asiye mkazi hulipa mara mbili au tatu. Ukazi kwa kawaida ni kuishi jimboni mwaka mmoja, na ushahidi wake ni mkataba wa nyumba, kodi ya mapato, leseni ya udereva. Ukihama jimbo katikati ya safari, unaanza kuhesabu upya.

Jaza FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa karo, kila mwaka. Raia na wenye grinikadi wanastahili, na waliopokewa kama wakimbizi au waliopewa hifadhi wamekuwa wakistahili pia, kwa hiyo peleka hati yako kwenye ofisi ya misaada ya fedha badala ya kuuliza marafiki. Ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi, ilifika hadi dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2024–25. Kwenye vyuo vingi hiyo inamaliza karo na kubakiza ya vitabu. Lakini ina kikomo cha maisha, sawa na mihula 12 kamili, kwa hiyo usiichome kwa masomo usiyoyahitaji.

Wenye F-1, viza ya mwanafunzi, hawapati msaada wa FAFSA, wanalipa karo ya asiye mkazi, na hawaruhusiwi kutoka kwenda kufanya CNA mtaani. Isitoshe, baadhi ya programu za uuguzi hazipokei wanafunzi wa viza kabisa. Uliza hilo kabla ya familia kuuza shamba.

Usisahau mwajiri. Nyumba nyingi za wazee na hospitali hulipia wafanyakazi sehemu ya karo kwa makubaliano ya kubaki miaka kadhaa. Soma huo mkataba hadi mwisho, utafute kinachotokea ukifeli somo.

5. Masomo ya utangulizi: hapa ndipo unaposhinda au kushindwa

Orodha hubadilika, ila karibu kila mahali utakuta anatomia na fiziolojia ya kwanza na ya pili, mikrobiolojia, uandishi wa Kiingereza, saikolojia, ukuaji wa binadamu, na takwimu. Vyuo vingine huongeza kemia. Anatomia na mikrobiolojia huwa na maabara, na kwa kawaida ni krediti 4 kila moja.

Waombaji ni wengi kuliko nafasi, na wanaochaguliwa kwa pointi huangaliwa kwanza alama za sayansi. C inakufaulisha somo lakini haikuingizi kwenye uuguzi. Vyuo vingi huruhusu kurudia somo la sayansi mara moja tu, na vingi havikubali alama za sayansi zilizopita miaka mitano au saba. Ukijumlisha hayo yote utaona kwa nini nasema C ni ghali. Unalipa karo upya, unapoteza muhula, na unabaki bila nafasi ya kurudia.

Ushauri wangu, ambao wengi huona ni wa kuzembea: sayansi moja kwa muhula, pamoja na somo moja jepesi. Anatomia ya kwanza na uandishi. Anatomia ya pili na saikolojia. Mikrobiolojia na takwimu. Anayebeba matatu ya sayansi huku akifanya saa 40 usiku simwonei wivu, nilikuwa yeye.

Jinsi ya kusoma anatomia ukiwa kazini: nilikata karatasi ngumu vipande vya ukubwa wa kadi, upande mmoja jina la mfupa, upande mwingine mchoro. Kumi tu mfukoni kila zamu. Saa nane usiku kengele zikitulia, nilikuwa nikimgeuza mgonjwa nikitaja kimoyomoyo: hapa ni trokanta kubwa, hapa ndipo kidonda cha kulalia huanza. Mwili uko mbele yako kila usiku. Wanafunzi wenzako wa miaka 19 wanalipia modeli ya plastiki.

Kuhusu Kiingereza, chuo kitakupima kwanza. Kikikuweka darasa la lugha, usione umedharauliwa. Tatizo letu la kwanza huwa kasi ya kusoma. Swali la mtihani lina mistari sita na una dakika moja na nusu. Soma kurasa kumi za kitabu cha kiada kila siku kwa saa ya mkononi, hata kama hutaki.

6. TEAS na maombi

Vyuo vingi hutaka mtihani wa kuingia uuguzi uitwao TEAS, vingine HESI. TEAS ina maswali 170 kwa dakika 209: kusoma, hesabu, sayansi, Kiingereza. Fanya baada tu ya anatomia ya pili, kabla haijakuvuka kichwani. Nunua kitabu kimoja cha mazoezi, kimoja tu, ukimalize.

Omba vyuo viwili au vitatu vilivyo umbali unaoweza kuendesha gari alfajiri wakati wa theluji. Tunza nakala ya kila kitu. Vyuo vingine vinataka uwe tayari na cheti cha CNA, ambacho kwa kanuni ya serikali kuu ni mafunzo ya saa zisizopungua 75; wengi wetu tunacho, na kinatupa pointi.

Ukikubaliwa, wiki mbili zinazofuata ni za mbio: chanjo za hepatitisi B, surua na tetekuwanga au vipimo vya damu kuonyesha kinga, kipimo cha kifua kikuu, cheti cha BLS (mafunzo ya kuokoa maisha, kama kukandamiza kifua moyo ukisimama), uchunguzi wa rekodi za jinai, kipimo cha dawa za kulevya. Waliodungwa BCG utotoni, yaani karibu sisi sote, kipimo cha ngozi kinaweza kuvimba bila ugonjwa. Omba kile cha damu, kwani BCG haikisumbui.

7. Ndani ya programu

Hapa sheria hubadilika. Alama ya kufaulu inaweza kuwa 75, 77 au 78, na alama haikuzwi kwenda juu. Ukipata chini yake, umefeli; ukifeli mara mbili, kwa kawaida umetoka. Punguza zamu kabla ya muhula kuanza. Usingoje mtihani wa kwanza ukuambie.

*Hesabu za dawa.* Vyuo vingi hutaka asilimia 90, vingine 100, la sivyo hugusi mgonjwa. Kanuni ni moja: kilichoagizwa, gawanya kwa ulicho nacho, zidisha kwa ujazo wake. Daktari ameagiza amoksilini miligramu 500. Chupa inasema 250 katika mililita 5. 500 ÷ 250 × 5 ni mililita 10. Au heparini: mfuko una yuniti 25,000 katika mililita 250, umeagizwa yuniti 1,200 kwa saa. Mililita moja ina yuniti 100, kwa hiyo mashine inawekwa mililita 12 kwa saa. Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Yanayotuangusha ni mengine: uzito umeandikwa kwa pauni na wewe hukugawanya kwa 2.2, au aliyesoma Lubumbashi kwa Kifaransa ameandika 0,5 kwa mkato badala ya nukta. Hapa andika 0.5, usiandike .5, na usiandike 5.0 pale unapomaanisha 5, maana nukta isipoonekana mgonjwa anapata 50. Tarehe nazo huanza na mwezi: 4/7 ni tarehe 7 Aprili.

*Majaribio ya vitendo.* Mimi niliangushwa na katheta, ule mrija wa kutoa mkojo. Nilikuwa nimewawekea watu taulo na vyombo vya katheta mara mia nikimsaidia nesi, nikaingia maabara na kiburi. Nimevaa glavu tasa, nimefungua kila kitu sawasawa, kisha kope ikaniwasha nikainua mkono. Sikujigusa hata. Mkono ulipanda tu juu ya bega, macho ya mwalimu yakapanda nao. "Anza upya wiki ijayo." Mikono iliyovaa glavu tasa hukaa mbele yako, juu ya kiuno, chini ya mabega. Fanya mazoezi nyumbani mtoto akikuuliza maswali. Ukiweza hapo, maabara utaiweza.

*Mazoezi ya hospitalini* huanza alfajiri, mara nyingi kabla ya saa moja. Usitoke zamu ya usiku kwenda huko; shule nyingi zinakataza, na ukikamatwa umesinzia unarudishwa nyumbani na siku inahesabiwa umekosa. Na jambo la kwetu: tumelelewa tusimkatize mkubwa wala kumkazia macho. Mwalimu wa hapa ukiinamisha uso anaandika "hajiamini". Mwangalie, uliza, sema "sijui, nitatafuta jibu". Jibu hilo linaheshimiwa.

*Mitihani ya kupanga nani kwanza.* Hii ndiyo inayowachanganya CNA wazoefu. Una wagonjwa wanne: aliyepasuliwa jana ana maumivu 7 kati ya 10, mwenye kisukari sukari yake ni 180, kijana wa pumu ambaye kifua kilikuwa kinapiga miluzi, sasa kimenyamaza ghafla, na bibi wa miaka 88 anayeomba kupelekwa chooni. Malezi yanasema bibi kwanza, huwezi kumwacha mzee aaibike. Uzoefu wa CNA nao unasema bibi, kwa sababu akianguka ni wewe utakayeandika ripoti. Jibu ni kijana wa pumu. Kifua kilichonyamaza hakijapona. Hewa haipiti tena. Njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, kisha mengine, na bibi unamtuma CNA. Ilinichukua muhula mzima kukubali kwamba CNA huyo si mimi tena.

Tafuta watu watatu wa kusoma nao, wawili wasio wa kwetu. Kundi la Waswahili watupu ni tamu, chai ipo, ila saa moja ya masomo inaishia kwenye siasa za nyumbani.

8. NCLEX na baada yake

Ukihitimu, omba leseni kwa bodi ya jimbo na ujisajili Pearson VUE, kampuni inayoendesha mtihani, dola 200. Chuo kikituma uthibitisho, unapata ruhusa ya kufanya mtihani na unachagua siku. Usichelewe zaidi ya wiki sita au nane. Maarifa huvuja haraka. Kompyuta hukupa maswali kati ya 85 na 150 kwa muda usiozidi saa tano, ikikupima kwa majibu yako: ukijibu vizuri, linalofuata linakuwa gumu. Kwa hiyo kuona maswali magumu si dalili mbaya. Tangu Aprili 2023 kuna maswali ya visa vya mgonjwa, na yale ya kuchagua majibu mengi sasa hutoa alama za sehemu. Ukifeli, unasubiri siku 45 na kurudi.

Kama unafikiria kuhama, angalia mkataba wa leseni wa majimbo. Texas imo, kwa hiyo mkazi wake anaweza kupata leseni inayofanya kazi katika majimbo mengine mengi. California na New York hazimo.

BSN usiikimbilie muhula unaofuata. Fanya kazi mwaka mmoja, mwajiri alipie, usome mtandaoni jioni.

Jina lako litaonekana kwenye tovuti ya leseni kabla ya barua yoyote kufika. Mimi niliona langu saa kumi na moja alfajiri, nimekaa kwenye chumba cha mashuka na simu iliyobaki asilimia nne. Nilimaliza zamu kama CNA. Saa mbili asubuhi nikapanda ofisi ya rasilimali watu na nambari ya leseni kwenye karatasi, kwa sababu mshahara haubadiliki wenyewe. Usipopeleka hiyo nambari, wataendelea kukulipa wa mgeuza wagonjwa.